Mia Jumapili, Sifuri Jumanne

UJUMBE WA JUMAPILI, IBADA YA PILI
Mhubiri: Mchungaji Msaidizi
Somo: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:18
Wazo kuu: Eliya alipoishiwa nguvu, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akazungumza naye, kisha akampa mwenzake.



Mmeona vile soketi za kanisa letu huwa kila Jumapili kabla ya ibada ya pili? Zimejaa simu. Mpiga kinanda akitaka kuchomeka chombo chake, lazima kwanza atafute wenye simu awaombe ruhusa. Tunacheka, lakini tuseme ukweli: hapa kwetu chaji si mchezo. Kuanzia Umoja na Kayole hadi Pipeline, Huruma na Dandora, simu ndiyo duka, ndiyo benki, ndiyo ofisi. Imekuwa hivyo tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007. Mama mboga wa soko la Mutindwa, simu yake ikizima, hawezi kujua kama mteja amelipa kweli au amemwonyesha ujumbe wa jana. Kijana wa bodaboda simu ikizima, mteja anampigia mwingine. Fundi wa rangi akitafutwa asubuhi asipatikane, msimamizi hajaribu mara ya pili, anaenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Kwa hiyo nikisema chaji, nazungumzia chakula cha watoto.

Na wengi wetu simu zenyewe zimezeeka. Zingine tulizinunua zikiwa zimetumika, zingine bado tunazilipa kidogo kidogo kila siku. Unaichomeka usiku kucha, asubuhi inasoma mia. Ukifika steji, sabini. Kabla ya saa nne, imezima mfukoni na wewe hujui. Sasa, shida si kwamba haikujaa. Ilijaa kabisa. Shida ni kwamba nafasi ya kujaza ilikuwa imebaki ndogo.

Mwambie jirani yako: "Kujaa si kubeba."

Nasema hivi kwa sababu kuna waumini wa namna hiyo, na tuko wengi. Jumapili ni mia. Umeimba, umelia, umenena kwa lugha, umetoka hapa uso unang'aa. Jumanne jioni umezima. Humtaki mtu, huombi, watoto wakikuita unafoka. Na sisi kanisani, mtu akizima, dawa yetu mara nyingi imekuwa moja tu: njoo kesha, funga siku tatu, ongeza bidii. Leo tumwangalie mtu wa Mungu aliyezima kabisa, tuone Mungu mwenyewe alimfanyia nini.

KUTOKA KARMELI HADI CHINI YA MTI

Sura ya 18, Eliya yuko juu ya mlima Karmeli. Peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto unashuka, watu wanaanguka kifudifudi. Halafu mvua inanyesha baada ya miaka ya ukame, na mkono wa Bwana unakuwa juu yake, anakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Hiyo ni mia kwa mia, haleluya!

Sura ya 19, ukurasa unaofuata tu, Yezebeli anatuma mjumbe mmoja na tishio moja. Yule aliyesimama mbele ya watu 450 anakimbia kuokoa maisha yake. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondoe duniani. Anasema inatosha.

Wengi huuliza: imani yake ilienda wapi? Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba kabla hujamlaumu meneja, fungua vitabu vya hesabu. Angalia kilichoingia na kilichotoka. Basi tufungue vitabu vya Eliya. Siku ile alisimama mlimani tangu asubuhi. Akajenga madhabahu. Akaomba moto. Akapambana na manabii wa Baali mpaka mwisho. Akaomba mvua, akimtuma mtumishi wake aangalie bahari mara saba. Akakimbia mbio mpaka Yezreeli. Yote hayo yametoka. Kilichoingia ni nini?

Soma mstari wa 41 na 42 polepole. Eliya anamwambia Ahabu aende akale na anywe. Ahabu anapanda kula. Eliya anapanda kuomba. Mnaona? Mfalme mwovu alikula siku ile. Nabii wa Mungu, Biblia haitaji hata kipande cha mkate mkononi mwake mpaka malaika alipomletea. Matumizi yalizidi mapato, na hakuna biashara inayoweza kuendeshwa hivyo, hata kama mwenye biashara ana upako.

1. BETRI HUCHAKAA, NA KUCHAKAA SI DHAMBI

Betri za simu zetu ni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka wa 1991, na mwaka wa 2019 wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuziendeleza. Ni kazi kubwa ya akili ya binadamu. Lakini hata betri hiyo yenye Nobel huchakaa. Kila ukiijaza na kuitumia hadi iishe, inapoteza kidogo. Betri nyingi za simu zikishajazwa na kuisha kama mara 500, uwezo wake huwa umeshuka hadi karibu asilimia 80 ya ule wa mwanzo, na zinaendelea kushuka. Joto huzimaliza haraka zaidi. Ndiyo maana simu ya mtu wa bodaboda, inayofungwa kwenye usukani juani huku ramani imewashwa, huzeeka kabla ya wenzake.

Kwenye hesabu tunaita uchakavu. Mwenye matatu hamkasirikii gari lake kwa sababu lina miaka 10. Anajua limechakaa kwa kumfanyia kazi, kwa hiyo anatenga pesa ya kulitengeneza.

Sasa wewe dada uliyelea watoto wanne peke yako, ukalipa kodi ya nyumba kila mwezi, ukamzika mzazi, ukahudumu mlangoni mwa kanisa miaka minane, unashangaa kwa nini hubebi kama ulivyobeba ukiwa na miaka 22. Huna pepo, mama. Umefanya kazi. Umepita kwenye joto. Usijilaani kwa uchakavu uliotokana na uaminifu.

2. ANGALIA KINACHOKULA CHAJI

Ukiingia kwenye mipangilio ya simu, pale kwa betri, utaona orodha: programu hii imekula kiasi hiki, ile kiasi kile. Mara nyingi utashtuka. Inayoongoza ni programu ambayo siku nzima hukuifungua. Inafanya kazi kwa nyuma, kimya kimya.

Kuna mambo ya namna hiyo moyoni. Ndugu yako alikudhulumu shamba la ushago mwaka juzi. Leo hujamtaja hata mara moja, lakini liko wazi huko nyuma, linakula. Umechukua mkopo wa simu kulipa mkopo mwingine wa simu, na kila ujumbe ukiingia moyo unaruka. Umeweka pesa ya karo kwenye kamari ya mpira na mke hajui. Unatabasamu, unaimba, lakini usiku unalala ukiwa umewaka.

Kitu kingine: simu ikiwa mahali mtandao ni dhaifu, hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Wale mnaoishi vyumba vya chini kwenye ploti zilizobanana mnalijua hili. Simu imekaa tu juu ya meza, hujaigusa, na chaji inashuka. Inatafuta. Kuna watu wamechoka kwa sababu hiyo tu: kutafuta kukubalika mahali pasipo na mtandao. Unamtafuta baba mkwe akusifu, na miaka 12 hajakusifu. Unatafuta ukoo ukuone umefaulu, unakopa kwa ajili ya harusi na matanga usiyoyaweza.

Kumbukeni zile simu ndogo tulizoziita mulika mwizi. Zilikaa siku kadhaa na chaji kwa sababu zilikuwa na kazi chache: kupiga, kupokea, kutuma ujumbe na kumulika. Si lazima uwe kwenye kila chama, kila kamati na kila kundi la WhatsApp. Daudi katika Zaburi ya 139, mwishoni kabisa, anamwomba Mungu amchunguze ndani aone kama kuna njia mbaya. Hiyo ndiyo sala ya kufungua ile orodha. Mruhusu Bwana akuonyeshe ni nini kinakula, halafu funga. Samehe. Mwambie mkeo ukweli kuhusu zile pesa. Jiondoe kwenye ile kamati.

3. MUNGU ALIANZA NA USINGIZI NA MKATE

Hapa ndipo penye uzito wa ujumbe wa leo. Eliya ameomba kufa. Mbingu inajibuje? Ningekuwa mimi ndiye malaika, labda ningekuja na hotuba: "Simama, mtu wa Mungu! Umesahau Karmeli?" Malaika wa Bwana hakuja na hotuba. Eliya alikuwa amelala, malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Kichwani pake kulikuwa na mkate uliookwa kwa makaa na chupa ya maji. Akala, akanywa. Halafu, na hapa tusikilize sana, akalala tena. Malaika hakumwambia wewe ni mvivu. Alimwacha. Akarudi mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale kwa maana safari iliyo mbele inamzidi nguvu.

Usingizi mara mbili, chakula mara mbili. Na mpaka hapo Mungu hajamuuliza swali hata moja. Swali lilikuja baadaye, kule Horebu, mtu ameshapata nguvu za kujibu.

Nitoe mfano, na mwenyewe ameniruhusu. Kuna dada mmoja wetu, anafanya kazi usiku kwenye kiwanda huko Industrial Area, akitoka asubuhi anauza chai na mandazi mpaka saa tano, na Jumapili anahudumu ibada zote mbili. Mwaka jana akaacha kuja. Simu ukipiga, imezima. Wiki ya tatu maneno yakaanza: amerudi nyuma, amepata mwanaume, amehamia kanisa lingine. Akina mama wawili wakaenda kumtembelea. Wakamkuta ameketi kitandani saa nane mchana, mtoto analia, simu iko chini imezima kwa siku nne, betri imevimba hadi mfuniko umeachana. Akawaambia maneno ambayo mimi siwezi kuyasahau: "Sijamwacha Mungu. Nimeishiwa."

Hao akina mama hawakuanza kukemea. Mmoja alimchukua mtoto. Mwingine alipika ugali na sukuma, akaosha vyombo, akafunga mlango na kumwacha alale. Walipanga zamu, wiki mbili wakapokezana: nani anampeleka mtoto shule, nani analeta chakula. Katikati ya wiki ya pili, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tuombe." Wakaomba, na wanasema uwepo wa Bwana ulijaa kile chumba. Kwangu mimi, malaika wa 1 Wafalme 19 alikuja Kayole amevaa leso.

Basi ni nani amesema kulala si mambo ya kiroho? Simu ukiichaji huku unaitumia, inapata moto na inachukua muda mrefu kujaa. Wengine tunaomba hivyo hivyo: goti liko chini, kidole kiko kwenye skrini. Na hata chaja ya haraka, betri ikikaribia kujaa hupunguza kasi. Ile sehemu ya mwisho huingia polepole, ukitaka usitake. Kesha ni nzuri, na mimi nitakuwepo Ijumaa. Lakini angalia Horebu: ulipita upepo mkali, tetemeko, moto, na Bwana hakuwa ndani ya hayo. Kisha ukaja mnong'ono mtulivu, na ndipo Eliya akafunika uso wake. Kuna kujazwa ambako hakuji kwa kelele.

Niseme neno moja zaidi hapa, na naomba wazee wanivumilie. Betri iliyovimba huwezi kuirudishia uzima kwa kuichomeka tena. Ni hatari, inaweza kushika moto. Unaitoa matumizini, unampelekea fundi. Vivyo hivyo kuna uchovu ambao umeshakuwa ugonjwa. Mtu halali wiki nzima, hali chakula, anasema afadhali nisingekuwepo. Mtu huyo tumwombee, na tumsindikize hospitali siku hiyo hiyo. Eliya alisema anataka kufa na Mungu akalichukua jambo hilo kwa uzito, akatuma msaada wa mwili. Sisi tusiwe wa kiroho kumzidi Mungu. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na mawazo hayo, usibaki nayo peke yako hata usiku wa leo. Mwite mtu. Gonga mlango wa jirani. Njoo ofisini kanisani. Hakuna atakayekuhukumu.

4. HESABU YA ELIYA ILIKUWA NA KASORO

Ile asilimia unayoiona juu ya skrini ni makadirio. Simu inapiga hesabu yake, na betri ikizeeka hesabu hukosea. Inasoma asilimia 20, mara inazima ghafla.

Eliya naye alikuwa anajisoma vibaya. Mara mbili kule Horebu alimwambia Mungu kwamba amebaki peke yake. Mtu akichoka, hesabu zake si za kutegemea. Usiuze kiwanja, usivunje ndoa, usiandike barua ya kuacha kazi siku ambayo betri iko chini. Mungu alimjibu kwa takwimu nyingine: wako 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Eliya alisoma mmoja, Mungu akasoma 7,000!

Na Mungu hakuishia kwenye takwimu. Alimpa Elisha. Kazi iliyomlemea mtu mmoja ikapata mtu wa pili. Kanisa, tulisikie hili: tukiwa na dada anayehudumu ibada mbili kila Jumapili miaka minane bila mapumziko, huyo anahitaji Elisha, na sisi ndio wa kumtafuta. Tusimsifu tu kwa uaminifu huku tunammaliza.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023? Ilikuwa Ijumaa, siku ya kesha, stima zikapotea karibu nchi nzima. Usiku kama huo ndio unamjua jirani. Kwenye ploti mtu mwenye pawabanki anageuka kuwa baraka: unagonga, unaomba dakika 20 tu, upige simu moja nyumbani. Lakini pawabanki nayo haina stima yake yenyewe. Ilichajiwa mapema, stima zikiwepo. Wewe unayetegemewa na watu wengi, wachungaji tukiwemo, jiulize: mimi nachajiwa lini na wapi?

HITIMISHO

Isaya 42, nabii akimweleza Mtumishi wa Bwana, anataja taa ambayo utambi wake unafuka moshi tu, mwanga umekwisha. Anasema huyo Mtumishi haji kuipuliza izime. Huyo ndiye Yesu wetu. Dunia ukifika asilimia tatu inakutupa na kutafuta mwingine kwenye orodha. Yesu ukifika asilimia tatu anainama, anakinga upepo kwa mikono yake.

Kama umezima, Bwana hajakuondoa kwenye orodha. Eliya alizima, na bado alikuwa na kazi mbele: kumtia mafuta Hazaeli, kumtia mafuta Yehu, kumwita Elisha. Huduma yake haikuishia chini ya mretemu.

YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, chagua usiku mmoja ulale mapema, simu iwe chumba kingine au mbali na kitanda, na usijisikie mkosaji.

Pili, andika mambo matatu yanayokula nguvu zako kimya kimya. Funga moja kabla ya Jumapili.

Tatu, mtafute muumini mmoja ambaye hujamwona kwa wiki tatu. Usimuulize kwa nini haji kanisani. Mbebee chakula.

Nne, viongozi wa idara, leteni kwa ofisi majina ya wahudumu ambao hawajapumzika mwaka huu, ili tuwapangie zamu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika 1 Wafalme 19:5-8, Mungu anafanya mambo gani kabla ya kumuuliza Eliya swali? Hilo linatufundisha nini kuhusu kumtembelea mtu aliyechoka?

2. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba akaendelea peke yake. Sisi tukichoka huwa tunawaacha akina nani?

3. Ni nani katika ushirika wetu anayebeba mzigo wa watu wawili? Tunaweza kumpunguzia nini wiki hii?

OMBI

Baba, tunakuja kwako jinsi tulivyo, si jinsi tunavyosoma kwenye skrini. Unajua kilichobaki ndani ya kila mmoja wetu. Mwenye deni linalomnyima usingizi, mfungulie njia. Mwenye uchungu wa zamani, mpe neema ya kusamehe. Aliyechoka hadi kutamani kufa, mtumie malaika mwenye mkate, na kama malaika huyo ni mmoja wetu, tufanye tusichelewe. Tufundishe kulala tukijua wewe hulali. Katika jina la Yesu, Amina.